Amkio la Dafrosa

Magoti ndiyo yaliyomponza Dafrosa. Siku ya kwanza ya kupasua maiti katika chuo cha udaktari cha Waswidi, Februari ya mwaka 1973, shuka lilipofunuliwa mezani na uso wa bibi kizee ukajitokeza, binti huyu wa Bukoba alijikuta yuko chini, amepiga magoti kwenye sakafu baridi, kichwa ameinamisha, anaamkia. Wala hakuamua. Kwao binti hamkabili mzee wima wima kama mlingoti, na miguu yake ilishafundwa adabu kabla hajajua kusoma.

Wenzake Waswidi walidhani amezimia, wakakimbilia maji. Samwiri, Mganda wa meza ya pili, ndiye aliyeelewa, na ndiye aliyecheka kuliko wote.

"Dada Dafrosa, hata sisi Buganda tunapiga magoti," alimwambia kwa Kiswahili. "Lakini mbele ya mtu anayepumua, banange!"

Kicheko kingeisha siku hiyohiyo kama Dafrosa angeshika kisu akaanza kazi. Hakuweza. Wiki mbili alisimama pale mezani, kisu vidoleni, mkono umemganda. Daktari Torkel, mwalimu wao wa anatomia, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa ratiba tu, na watu wa ratiba wana ukatili wao. Kila sehemu iliyopasuliwa aliitilia saini kwenye kadi ya mwanafunzi, na kadi ya Dafrosa ilikuwa nyeupe pe.

"Ijumaa," alimwambia. "Ijumaa ikipita bila saini hata moja, udaktari basi."

Dafrosa alirudi chumba alichopanga Spånga kwa treni akilia waziwazi, abiria wakitazama theluji dirishani kwa heshima. Wilaya nzima aliyotoka ilikuwa na daktari mmoja, naye alishaanza kutetemeka mikono.

Palikuwa na mwalimu mwingine, mwanahistoria, jina lake Ragnhild. Huyu aliwafundisha madaktari watarajiwa habari za binadamu na jamii yake: nani huugua zaidi, nani husikilizwa akiugua, nani husahauliwa. Somo lenyewe walilidharau. Nusu ya darasa walifuma soksi huku yeye akifundisha. Waswidi walimwita Ragnhild kwa jina tupu, kama walivyoitana wote miaka ile. Dafrosa ulimi ulimkatalia, akamwita Mwalimu.

Ijumaa asubuhi Ragnhild aliingia chumba cha maiti, akasimama kando yake. Hakumpa nasaha. Aliuliza tu.

"Nimesikia habari ya magoti. Kwenu mkishapiga magoti, unajuaje kwamba sasa unaweza kuinuka?"

"Mzee anaitikia, Mwalimu."

"Asipoitikia?"

"Nabaki hapohapo."

Dafrosa alipolisema neno hilo ndipo naye alipoelewa kilichomfunga. Wiki mbili zote hizo alikuwa bado yuko chini, anangoja.

Ragnhild alitoka. Kila aliyetoa mwili wake kwa chuo alijaza fomu angali hai, na mwishoni mwa fomu palikuwa na mistari michache ya maneno yake mwenyewe. Wengi waliiacha wazi. Walioandika, hakuna aliyewasoma. Fomu zilikwenda moja kwa moja kabatini. Ragnhild alirudi na ya bibi huyu wa mezani, jina limefunikwa kwa karatasi, akaisoma kwa sauti.

"Nimefua mashuka ya hospitali miaka thelathini na mmoja. Madaktari niliwajua kwa damu waliyoniachia, sura zao sikuziona. Shule nilisoma miaka minne. Ningependa na mimi nifundishe kitu. Vijana waniulize wanachotaka, wasiogope. Mimi sina haraka."

Dafrosa alimtazama bibi usoni. Mwanamke huyu alikuwa amemjibu kabla hajaulizwa, kabla hajajua kwamba kuna msichana wa Bukoba duniani.

"Naomba nianze na mkono," alisema.

"Ratiba inasema kifua," Torkel alijibu. Akatazama saa, akamtazama bibi. "Haya. Mkono."

Dafrosa alikata. Alifungua ngozi juu ya kifundo cha mkono, tabaka kwa tabaka, hadi kano zikaonekana, nene, nyeupe, zinang'aa. Akaishika moja kwa kibano, akaivuta taratibu. Kidole cha shahada cha bibi kikakunjika.

Samwiri alikuwa ameiacha meza yake, amesimama nyuma ya Dafrosa na kofia mkononi, hana utani hata kidogo. Dafrosa alivuta tena, na machozi yakamtoka kwa furaha na hofu pamoja, kwa jinsi mkono wa mfuaji ulivyokuwa kitu kikubwa.

Torkel alitoa kalamu, akaivuta kadi. Kwenye mstari wa saini palichapishwa neno Mwalimu. Aliliangalia, akamwangalia bibi, akalikata kwa mstari mmoja, akaandika juu yake Shahidi, kisha akatia saini.