Betri Ikishuka Ishirini

Mashine ya oksijeni iliguna, na kila ilipobadili sauti moyo wa mama uliruka. Alikuwa fundi cherehani, amekaa sakafuni mwa zahanati, mwanawe wa miezi minane mapajani, mrija puani. Kichomi, siku ya nne. Alihesabu mbavu zikizama na kuinuka. Hesabu ikimpotea, anaanza upya.

Kisiwa kizima kilikula umeme wa jua kutoka betri moja, na watu walishajifunza adabu yake: anayetaka kupiga pasi hutundika kitambaa mlangoni, majirani wangoje zamu. Hawakunung'unika. Wakati wa dizeli, meli iliwahi kuchelewa wiki tatu wakakaa gizani. Jua ni jema. Ila mama mwenzangu, hata jua uliulize akiba yake iko wapi.

Mawingu yalikuwa yametanda siku tatu. Ubao wa uwanjani ulisema betri imebaki asilimia ishirini na mbili, na wageni waliofadhili mtambo walikuwa wameshafika gatini.

Mwenyekiti wa kamati ya umeme, ambaye watu humwita Bwana Asilimia, aliingia bila hodi.

"Nesi, zima hiyo. Ikifika ishirini mtambo unajikata wenyewe. Tutaaibika."

"Mzee, hii ndiyo pumzi ya mtoto," nesi akasema.

"Nimezima pampu ya maji, nimezima friji za samaki. Nusu saa tu, hotuba ziishe. Mfungulieni dirisha, hewa si tele?"

"Na zile spika na feni za wageni, zinakula nini? Upepo?" Mama alishtuka kusikia sauti yake mwenyewe.

"Mwanangu, mambo ya wakubwa hayo."

"Jenereta la akiba liko wapi?" nesi akauliza.

Bwana Asilimia akatazama viatu vyake. "Tulilipeleka bara juzi. Wageni wangelipiga picha, wakaona bado tunategemea mafuta."

Akainama kushika plagi. Mama akajiburuta, mgongo wake ukaziba soketi.

"Nianze kuzimwa mimi."

"Haya. Umeme ukikatika, nitawaambia watu ni wewe."

Akatoka. Punde spika zikanguruma uwanjani: "Leo kisiwa chetu hakiombi mafuta kwa mtu!" Makofi. Mama akahesabu. Arobaini na moja, arobaini na mbili. Spika ikakatika katikati ya neno. Mashine ikashusha pumzi ndefu, ikanyamaza.

Nesi alirukia mfuko wa kupulizia hewa kwa mkono, akaubana usoni kwa mtoto. "Mbebe. Mimi nakamua. Usikimbie, twende pamoja."

Wakatoka hivyo, wameambatana kama watu waliobeba sufuria ya moto. Uwanjani watu walikuwa wakicheka, wakidhani ni spika tu. Bwana Asilimia alikuwa anawaambia wageni ni hitilafu ndogo. Kisha wa mbele wakaona midomo ya mtoto imegeuka buluu, kicheko kikafa safu kwa safu.

"Huyu mama ndiye…" Bwana Asilimia akaanza.

Mama hakumtazama. Alimwendea mgeni aliyekuwa karibu, mwanamke mwenye kofia.

"Boti yenu inatumia nini?"

"Petroli," mgeni akajibu, macho chini.

"Iwasheni. Hospitali iko ng'ambo."