Mota Fupi

Nkwabi alipookota kipande chake cha dhahabu kule Nyarugusu, aligundua kwamba anajua kila kitu. Alimfundisha fundi cherehani kukata kola. Alimsahihisha katekista. Na mwaka huo wa 1984, yeye aliyekulia Bukombe akichunga ng'ombe, ambaye kina kikubwa cha maji alichowahi kukikanyaga kilikuwa cha lambo la kunyweshea, alinunua boti ya uvuvi na kuhamishia familia yake Nungwe, kando ya ziwa, ili Wazinza wa huko wapate mtu wa kuwafundisha kuvua.

Mkewe, Serafina, alizaliwa hapohapo Nungwe. Baba yake alivua sato mpaka siku ya kufa kwake, na binti alikuwa akiketi naye mtumbwini tangu meno ya utoto hayajang'oka. Lakini Serafina hakuwahi kuokota dhahabu. Sasa nani angemuuliza?

Boti ilikuwa nzuri, pua juu, ubavu mnene, ila haikuwa na mashine. Mashine ya petroli ilihitaji barua, barua ilihitaji muhuri, na petroli yenyewe ilikuwa imebaki hadithi ya kusimuliana. Basi ikaja habari kwamba mzungu mmoja aliyekuwa akipima miamba karibu na Rwamgasa amemaliza mkataba na anauza vitu vyake. Alikuwa na mota mbili za umeme za kufunga puani mwa boti. Zilikula betri ya gari, petroli hazikuitaka hata tone.

"Umeme!" alisema Nkwabi, kana kwamba ndiye aliyeuvumbua.

Walikwenda watatu: yeye, Serafina, na Ghati, mvuvi kutoka Tarime aliyemwajiri kuwa nahodha, mtu aliyetumia maneno kwa kubana kama sukari ya duka la ushirika.

Mzungu alizilaza mota juu ya meza. "Hii refu," alisema, "kwa boti ya pua juu. Unageuza kwa mkono. Hii fupi, kwa boti ya chini. Unageuza kwa mguu, pedeli hii, mikono iko huru. Boti yako, pua juu kiasi gani?"

"Ya kutosha," alijibu Nkwabi.

Serafina alifungua pindo la kanga, akatoa kamba yenye fundo. Asubuhi ile, mumewe alipokuwa akitafuta koti, alikuwa ameipima pua ya boti mpaka kwenye maji. Akainyoosha kamba kando ya mota fupi. Propela iliishia pale fundo lilipoishia, wala haikuzidi hata kidole.

"Baba Mbuke, hii itapunga upepo tu," alisema. "Wimbi likiinua pua, propela iko nje."

"Mama Mbuke, mzungu mwenyewe alikuwa akitumia ipi?"

"Fupi," alisema mzungu. "Lakini boti yangu chini sana. Mama anasema kweli. Chukua refu."

Nkwabi akamvuta mkewe pembeni na kumnong'oneza kwa huruma ya mtu mwenye akili. "Umeona? Anataka kutusukumia ile asiyoitumia mwenyewe. Na ile ya mkono ni ya vibarua. Bosi anaendesha kwa mguu."

Akanunua fupi. Ghati alitazama juu, akasema mawingu ni mazuri.

Jumapili baada ya misa, kijiji kizima kilishuka ufukweni. Betri ilikuwa imechajiwa kwenye karakana ya misheni na kurudishwa kwa baiskeli. Nkwabi aliketi puani akiwa na koti na viatu vya ngozi, soli nene kama tofali, akakanyaga pedeli. Mota ikanguruma kwa sauti ya paka aliyeshiba. Boti ikasogea. Wanawake wakapiga vigelegele, na hata Serafina, aliyeketi katikati, alijikuta akitabasamu.

Walipopita matete, ziwa likawakaribisha. Wimbi la kwanza likainua pua, propela ikatoka majini ikipiga kelele, ikamwogesha bosi kuanzia kofia hadi tai. Boti ikasimama. Pua iliposhuka, propela ikashika maji, na mguu wa Nkwabi, uliokuwa umekanyaga pedeli kushoto, ukabaki hukohuko. Boti ikaanza kuzunguka. Ikazunguka mara ya pili. Ya tatu.

"Bosi," aliita Ghati kutoka nyuma, kasia likiwa limelala mapajani mwake, "nipige?"

"Subiri! Mota inazoea maji!"

Mota ilizoea maji mpaka betri ikakata roho. Ghati akapiga kasia kurudi, taratibu. Ufukweni, mzee Jilala alimpokea Nkwabi kwa mikono miwili.

"Hongera, mwanangu. Sisi tumelikuta ziwa hili, hatukuwahi kulizunguka lote kwa siku moja."

Nkwabi alieleza kwamba mawimbi ya Nungwe hayana mpangilio. Watu walikubali sana. Walikubali mpaka wakashika mbavu.

Jioni Serafina alimkuta nyuma ya nyumba, kavua viatu, anajikanda mguu. Alikuwa amekuja na maneno yake tayari, makali, ameyanoa tangu Rwamgasa.

"Nilitaka mikono iwe huru," Nkwabi alisema kabla hajaulizwa.

"Ya kuvulia."

"Ya kushikia boti." Alikanda kifundo cha mguu. "Siwezi kuogelea, Mama Mbuke. Kila wimbi naona kaburi. Ningeshikaje mota mkono mmoja na ubao mkono mmoja? Nishike wapi roho yangu?"

Serafina aliketi chini karibu naye, akachukua ule mguu, akaukanda mwenyewe.

Kesho yake hakuomba ruhusa ya mtu. Aliutoa mtumbwi wa marehemu baba yake kwenye matete, mtumbwi mfupi wa kimo ambao ukingo wake ulikaribia maji. Ghati akapigilia ubao wa mninga puani na kuifunga mota. Propela ilizama vizuri. Serafina akavua kandambili na kukanyaga pedeli kwa kidole gumba. Mtumbwi ukateleza bila kishindo hadi kwenye mawe ambako sato hujificha, na ambako kasia likigonga mara moja wote hutoweka. Safari hii sato hawakusikia kitu. Kabla jua halijawa kali, Ghati alikuwa ameshavua kwa ndoano sato kumi na wanne, akasema neno la pili tangu asubuhi: "Wengi."

Ufukweni Nkwabi, akiwa na koti lililokauka, aliwapokea wachuuzi na kuwaeleza jinsi alivyoichagua mota fupi baada ya uchunguzi wa kina. Serafina alimwacha aseme. Boti kubwa ilimpata mnunuzi kabla ya Krismasi, mtu aliyejua kupiga kasia.

Nkwabi mwenyewe alijiteua kuwa mpeleka betri. Mara mbili kwa wiki aliifunga nyuma ya baiskeli, akaisukuma mpaka misheni, akarudi nayo imejaa, hata siku za mvua, na wala hakumtuma mtu mwingine. Alianguka nayo mara moja tu, tindikali ikala suruali yake nzuri magotini. Serafina alikata kipande cha kanga iliyochakaa, akaishonea suruali viraka viwili vya maua, naye Nkwabi akaivaa hivyohivyo kwenda misa.