Amoni Alipokataa Kutwaliwa

Jumamosi ile asubuhi, huko Kisondela, wanawake walikuwa wamekwisha kumenya mikungu minne ya ndizi, na sufuria la tatu lilikuwa linatokota. Jeneza la Amoni lilikuwa uani, juu ya madawati mawili yaliyoazimwa shule ya msingi. Mkewe Tusekile alikaa mkekani kando yake, miguu ameinyoosha, khanga ameivuta hadi kwenye nyusi.

Amoni alikuwa fundi katika kiwanda cha chai, kile ambacho serikali ilikiuza mwaka juzi. Jumatano alinaswa na mkanda wa mashine ya kusaga majani. Meneja mpya, Bwana Innocent, alikuja mwenyewe na lori la kiwanda, akaleta mchele na sukari, akamwambia mjane kwamba marehemu alipeleka mkono bila uangalifu, na kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Akaahidi kuwa mazishi yakienda kwa utulivu, Tusekile ataandikwa kazi kiwandani. Tusekile alimshukuru sana. Ana watoto wawili shuleni, na migomba peke yake hainunui sare.

Amoni hakuwa mtu wa Mungu, na hakuficha. Miaka ishirini alimsindikiza mkewe hadi mlango wa kanisa, akakaa nje kwenye jiwe akisoma gazeti la wiki iliyopita, na ibada ikiisha akambebea Biblia mpaka nyumbani. Alikuwa akisema mtu akifa ni kama injini iliyozimwa, hakuna anayeuliza injini imekwenda wapi. Mtu kama huyo kwa kawaida hapigiwi kengele wala haimbiwi. Lakini Tusekile alikuwa mzee wa kanisa, na baraza lilikaa Alhamisi likakubali kumzika kwa heshima ya mkewe. Hilo ndilo alilokuwa akilitaka kuliko yote. Hakutaka baba wa watoto wake afukiwe kimya kimya kama aliyekufa porini.

Saa tano Mchungaji Gidion alisimama, akafungua kitabu, akasema, "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa."

Mfuniko wa jeneza ukasogea. Amoni akaketi, akachomoa pamba puani, akaomba radhi kwa kukatiza ibada.

"Mchungaji, Bwana hakunitwaa," alisema. "Ni mkanda. Ulikuwa na kinga ya bati, ikatolewa mwezi wa tatu ili tusipoteze muda kuifungua majani yakikwama. Mimi nilikataa kuitoa. Barua ya kuitoa ina sahihi ya meneja."

Waliokaa nyuma walisogeza viti ili wasikie vizuri. Mchungaji, ambaye Amoni alimtengenezea baiskeli mara nyingi bila malipo, alimjibu kwa upole kuwa hakuna unywele uangukao pasipo idhini ya Mungu. Amoni akasema idhini anayoijua yeye ilipigwa taipu.

Tusekile aliisukuma khanga nyuma. Mume kuketi jenezani alilipokea, maana Amoni hakuwahi kuacha neno lipite hivi hivi. Lakini habari ya kinga ndiyo kwanza anaisikia. Aligeuka kuwatazama waombolezaji, nusu yao wafanyakazi wa kiwandani, watu aliowapikia na kuwauguzia watoto. Mmoja mmoja wakainamisha macho. Walijua wote. Walikuja na vilio vyao na ndizi zao, na walijua wote.

Mama yake Amoni, Bibi Atupokile, hakushangaa hata kidogo. Kwa Kiswahili chake cha kuokota alisema tangu azaliwe hajaona mtu afe bila mtu nyuma yake, akamwomba mwanawe ataje jina.

"Si uchawi, mama. Ni mkanda."

"Sawa, mwanangu. Mkanda una mwenyewe," alisema bibi, akamtazama Bwana Innocent kwenye kiti cha mbele, kisha akarudi kwenye ugoro wake.

Lazaro, mhubiri wa kanisa jipya lenye vipaza sauti, aliyeingia Kisondela pamoja na soda za makopo na mitumba, alikuwa amekwisha kusogeza kipaza sauti karibu na jeneza. Alitaka ushuhuda. Alimuuliza Amoni ameona nini huko.

"Sikuona kitu."

"Giza?"

"Hata giza."

Lazaro akaanza kukunja waya zake.

Amoni alilazwa tena, na safari hii mchungaji aliuruka ule mstari kwa makusudi. Lakini watu wa kule wamezika sana. Alipovuta pumzi tu, wao wenyewe wakaumalizia kwa mazoea, "Bwana ametwaa, jina la Bwana libarikiwe," na Amoni akaketi tena, akarudia habari ya barua. Mara ya tatu ikawa vivyo hivyo. Wachimba kaburi waliegemea majembe. Wingu lilishuka kutoka mlimani na chakula kikaanza kupoa.

Saa nane Bwana Innocent alichuchumaa kando ya mkeka, akasema kwa sauti ya chini kuwa kiwanda hakiwezi kuajiri katika nyumba inayokichafua. Nafasi ipo wazi, akasema, lakini haitangoji. Tusekile akamuuliza ni nafasi gani.

"Ileile ya marehemu. Mashine ileile."

Akamuuliza kama kinga imerudishwa. Bwana Innocent akasema mambo hayo yanaangaliwa.

Tusekile akajifunga khanga, akainuka, akaenda kushika ukingo wa jeneza.

"Baba Sekela, lala."

"Mama Sekela, unajua ninasema kweli."

"Najua."

"Sasa?"

"Watoto watakula nini? Wamenipa kazi kiwandani."

Amoni akamuuliza kazi gani, shambani au ndani. Tusekile akasema ndani. Amoni akamuuliza ndani wapi.

Mchungaji alikuwa hatua moja tu, kitabu kifuani. Tusekile hakuwa amesema uongo tangu abatizwe.

"Kufagia stoo," alisema. "Huko kwenye magunia."

Amoni hakuwahi kuamini jambo asiloliona kwa macho, isipokuwa neno la huyu mwanamke. Aliitikia kwa kichwa, akasema kwenye magunia hakuna neno, pakavu tu, afunge kitambaa puani kwa ajili ya vumbi. Akajilaza, akaweka mikono yake sawasawa, ule mzima juu ya ule mwingine.

Mchungaji akausoma mstari wote. Watu wakaitikia kwa sauti moja, kengele ikapigwa, misumari ikaingia, na mazishi yakawa mazuri. Bibi Atupokile peke yake hakuitikia.

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi Tusekile alisimama mbele ya mashine. Msimamizi aliwaongoza wote katika sala, akaukabidhi mikononi mwa Mungu usalama wa kila mmoja, na wote wakasema amina, Tusekile pia. Mkanda ukaanza kuzunguka, mtupu, bila kinga. Akaichomekea ncha ya khanga yake kiunoni isije ikaning'inia, akapeleka mkono kuchomoa majani yaliyokwama.