Maboksi ya Upande wa Dirisha

Mama Pacha alikuwa mfungaji wa sabuni kiwandani. Kwa miaka yote aliyosimama mbele ya ile meza ndefu, mikono yake ilikuwa imezoea kufanya kazi bila kumuuliza chochote. Msimamizi wao alikuwa na tabia ya kuchukua boksi moja kwenye rundo na kulitikisa karibu na sikio. Likitoa sauti, lilirudishwa. La Mama Pacha halikuwahi kurudishwa. Kwa hiyo alipoomba likizo fupi ili ahame nyumba, wenzake walimtania kwamba hiyo si likizo, ni kazi ileile tu ambayo sasa ataifanya nyumbani bila msimamizi.

Alicheka kidogo, kwa adabu. Alikuwa amechoka ule uchovu ambao usingizi hauufikii.

Nyumba aliyokuwa anaihama ilikuwa ya kampuni ya mumewe. Baba Pacha alikuwa dereva wa malori. Kampuni ilimhamishia tawi la mbali, akaenda, akatulia huko, na mwishowe akaoa. Habari hiyo ilimfikia mkewe kwa kuzunguka, baada ya kila mtu kuijua isipokuwa yeye. Halafu kampuni ikataka nyumba yake, dereva mwingine aingie. Mama Pacha hakugombana na mtu. Alitafuta vyumba viwili nyuma ya duka la fundi cherehani, karibu na kiwanda. Kimoja kingekuwa chake, kingine cha wanawe pacha wakirudi kutoka shule ya bweni. Kisha akaanza kuomba maboksi matupu madukani.

Lililobaki lilikuwa suala la mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa amekuja kusaidia uzazi. Alisema atakaa wiki chache, mpaka mzazi apate nguvu, akakaa mpaka pacha wakaota ndevu. Alikuwa na ulimi mkali. Chumvi ya mkaza mwanawe haikuwahi kuwa sawa: leo imezidi, kesho imepungua, na siku ikiwa sawa alinyamaza tu, akala. Walishawahi kununiana kwa muda mrefu kwa sababu ya namna ya kukunja shuka. Lakini tangu mwanawe aoe kule mbali, bibi huyu hakumtaja tena. Simu yake ikiita na jina la mwanawe likatokea, aliifunika kwa mto.

Siku hizi nyonga ilikuwa imemshika, akawa anatembea kwa fimbo. Mama Pacha ndiye aliyemsugua mgongo, aliyemkata kucha za miguu, aliyelala na sikio wazi kusikiliza kama kikohozi kimekuwa kikohozi kingine. Akitoka kiwandani alianza zamu ya pili, na zamu hiyo haikuwa na kengele ya kumaliza.

Wifi yake, binti pekee wa yule mama, alikuwa muuza vitambaa sokoni, mwanamke mnene, mchangamfu, asiyekosa neno. Walizungumza kwa simu, wakakubaliana: siku ya kuhama wifi atakuja na pikapu ya mumewe, amchukue mama yake na vitu vyake. Mama alipoambiwa, alisema, "Sawa," akaendelea kupepeta mchele.

Hakuna aliyejua, na Mama Pacha hakumwambia mtu, kwamba lile neno "sawa" lilimfurahisha kuliko kitu chochote mwaka ule. Alikuwa akiwaza kitanda katika chumba kile cha nyuma ya duka, mlango umefungwa, na yeye amelala na masikio yote mawili.

Akaanza kazi. Alianza na vitu visivyotumika kila siku, vyombo vya wageni, mapazia ya akiba, nguo za pacha walizozikimbia kwa urefu. Sahani alizisimamisha kwa ubavu, kila moja imeviringishwa gazeti, kwa sababu sahani ikilazwa hubeba uzito wa wenzake na kupasuka. Vitu vizito alivitia kwenye maboksi madogo, vyepesi kwenye makubwa. Penye mwanya alichomeka soksi, vitambaa vya meza, hata foronya. Sufuria ziliingia moja ndani ya nyingine, na ile ya ndani kabisa ikabeba vijiko. Akimaliza boksi alilitikisa, akasikiliza, akalipiga selotepu.

Ugumu ulikuwa kugawa. Nyumba ilikuwa moja lakini sasa inakwenda njia mbili, na vitu vilikuwa vimekaa pamoja mpaka vikasahau mwenyewe ni nani. Birika hili alilinunua nani? Blanketi la kijani lilitoka wapi? Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda ukumbini, kidevu juu ya fimbo, akitoa hukumu. Ile sufuria kubwa ni yako. Ule mwiko ni wangu, ila chukua, mimi siupendi. Mama Pacha aliamua vitu vya mama vikae ukutani, upande wa mlango, na vyake vikae upande wa dirisha, ili siku ya siku wabebaji wasichanganye.

Siku ya pili akaanza kukuta mambo.

Chupa ya chai ya mama, aliyokuwa ameifunga kwa mkono wake, ilikuwa upande wa dirisha, imekaa katikati ya viatu vya pacha. Akairudisha. Baada ya chakula akakuta mto wa mama umeshindiliwa kwenye boksi la mapazia. Akaurudisha huo nao. Alitoka kuanua nguo, na aliporudi, blanketi la kijani lilikuwa limevuka ukumbi.

"Mama, umelitoa hili blanketi?"

"Blanketi lipi?"

"Hili."

Mama mkwe alilitazama kama mtu anayeonyeshwa mgeni. "Labda limetembea," alisema.

Mama Pacha alilibeba, akalirudisha mlangoni. Moyoni alijiambia uzee umeanza kumchukua mama wa watu, na kwa aibu yake mwenyewe, akaona afadhali uzee huo unaanza akiwa anaondoka. Wazo hilo lilimfuata mpaka jioni. Alimsugua mgongo mama mkwe taratibu kuliko kawaida, naye mama akalalamika kwamba anampapasa kama mtu anayetafuta sindano.

Asubuhi ya kuhama, wabebaji walikuja mapema na lori dogo. Mama Pacha aliwaonyesha upande wa dirisha, wakaanza kutoa. Kitanda kilitoka, kabati la vyombo likatoka kwa kukwaruza mlango. Ndipo mmoja wa wabebaji alipouliza kama boksi fulani lina mawe. Lilikuwa boksi la sabuni, kutoka kiwandani, na Mama Pacha hakukumbuka kulifunga.

Alikata selotepu. Ndani kulikuwa na viatu vya mama mkwe vya kutokea, kimoja kimegeuzwa dhidi ya kingine ili visichukue nafasi. Dawa za nyonga zilikuwa ndani ya kikombe, kikombe ndani ya sweta. Picha ya marehemu baba mkwe, kwenye fremu yake ya kioo, ilikuwa imesimamishwa kwa ubavu, imeviringishwa gazeti. Kwenye mianya kulikuwa na soksi. Alilifunga tena, akalitikisa karibu na sikio. Kimya kabisa.

Aligeuka upande wa mlango. Maboksi ya mama yalikuwa yamepangwa vizuri, kama alivyoyapanga yeye. Akainua moja, likapanda juu kwa wepesi mpaka nusura limponyoke. Lilikuwa tupu. Na la pili. La tatu lilikuwa na magazeti matupu na ule mwiko usiopendwa.

Kwa hiyo halikuwa suala la uzee.

Mama mkwe alikuwa palepale kwenye kigoda, amevaa gauni lake zuri, ametazama mbele, amejitia hamnazo. Kabla Mama Pacha hajamwuliza, pikapu ikasimama nje na wifi akaingia akihema, akamwamkia mama yake, akawaamkia wabebaji, akauliza vitu viko wapi wasije wakakutwa na jua kali.

"Vyangu vimeshapakiwa," mama mkwe alisema.

"Vimepakiwa wapi, Mama? Pikapu ndiyo kwanza nimefika nayo."

"Kwenye lori. Mimi nakwenda na Mama Pacha."

Wifi alimtazama Mama Pacha. Mama Pacha aliweka lile boksi tupu chini, akaingia jikoni. Wifi akamfuata. Jiko lilikuwa limebaki kuta tu, na alama za moshi mahali meko yalipokuwa, na sauti zao zikarudi kwao.

Wifi alianza kwa kujitetea. Alisema yeye hana habari ya mpango huu, kwamba amekuja na moyo mweupe, kwamba chumba cha mama kimeshafagiliwa. Alisema mengi, halafu maneno yakamwishia, jambo ambalo Mama Pacha hakuwahi kuliona. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Mume wangu hataki," alisema mwishowe. "Hakunikataza. Ila tangu nimwambie, hazungumzi. Siku moja nilipomaliza kuongea na Mama kwa simu nilimweleza dada mmoja pale sokoni, sikujua kumbe simu ilikuwa bado haijakatika. Alisikia yote. Tangu siku hiyo akipokea simu yangu ananiambia sawa, sawa, basi."

Mama Pacha aliegemea ukuta. Alielewa sasa lile "sawa" lilikotoka, lile lililomfurahisha. Miguu ilikuwa inamuuma kuanzia nyayo mpaka kiunoni. Alitamani mtu mwingine yeyote aingie jikoni pale aamue, mtu mwenye nyumba kubwa na usingizi wa kutosha.

Alirudi ukumbini, akachuchumaa mbele ya kigoda ili macho yao yawe sawa.

"Mama, nimechoka," alisema. "Sikuambii kwa ubaya. Nimechoka mpaka nilifurahi niliposikia unakwenda kwa wifi."

"Najua," mama mkwe alisema. "Nilikuona ulivyofurahi. Uliimba ukikosha vyombo."

"Basi mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza ungekataa."

"Ningekataa."

"Ndiyo maana sikuuliza." Yule mama aliishika fimbo yake kwa mikono miwili. "Kule nitakaa kama mgeni. Nitakohoa kwa kujificha. Kwako nakohoa tu."

Wabebaji walikuwa wamesimama mlangoni, wanatazama dari. Mama Pacha alikaa chini kabisa, sakafuni. Alifikiria chumba chake na ule mlango uliofungwa. Alitaka kulia, lakini hata hilo lilihitaji nguvu.

Kisha akamwita wifi, akasema alichotaka kusema bila kupandisha sauti. Mama atakuja. Lakini Jumamosi na Jumapili si zake, ni za wifi. Wifi atakuja kulala kule kwenye vyumba vipya, amwogeshe mama, afue, apike, na yeye Mama Pacha asiitwe hata nyumba ikiwaka moto. Pacha wakifunga shule, mama atakwenda kwa wifi, mumewe wifi anune asinune, kwa sababu chumba ni cha wale vijana. Na yeye mwenyewe akija kuchoka tena atasema, na akisema asikilizwe.

"Na wewe, Mama," alimalizia, "kuanzia leo unaniuliza. Nikikataa, nimekataa."

"Nimesikia," mama mkwe alisema. Baada ya kidogo akaongeza, kwa sauti ndogo, "Ile sufuria kubwa umeipakia? Maana ulivyoifunga jana, mfuniko ulibaki nje."

Wifi alicheka huku anajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Alikubali yote, kisha akasema kwamba kwa kuwa leo ni Jumamosi, bora aanze leo, na akamwita mmoja wa wabebaji amsaidie kumwinua mama yake mpaka kiti cha mbele cha pikapu.

Walifika kwenye vyumba vipya kabla ya saa sita. Fundi cherehani aliacha mashine yake, akasaidia kuingiza kabati kwa ubavu. Maboksi yalijaa mpaka dirishani, na ilikuwa wazi kwamba vyumba vile havitatosha vitu vya watu wote wale. Ingebidi viwili vitatu vipatiwe mahali pengine. Mama Pacha hakufungua hata boksi moja. Alitandika godoro chini kwenye chumba cha ndani, akavua viatu, akalala na nguo zake za kazi.

Upande wa pili wa ukuta, mama mkwe alikuwa anamwambia binti yake kabati lisogezwe kushoto, na binti anasema likisogezwa hapo mlango hautafunguka, na mama anasema utafunguka, na binti anasema wewe Mama una nini. Zamani Mama Pacha angeinuka akapime mlango mwenyewe. Sasa aliwasikiliza kidogo, sauti zikaanza kwenda mbali, na kabla kabati halijapata mahali pake alikuwa ameshashikwa na usingizi, mchana kweupe.