Lugha Aliyoificha Plácida

Plácida Ixpatá alikuwa na miaka hamsini na minane alipoitwa kutoa ushahidi katika mahakama ya jiji la Guatemala. Mshtakiwa alikuwa Kapteni Orantes, sasa mzee mwenye suti ya kijivu na kifaa cha kusikilizia sikioni. Miaka thelathini na miwili nyuma, majenerali wakiwa bado madarakani, yeye ndiye aliyewaingiza askari kijijini Xolabaj. Waliua watu sitini na saba, akiwemo Lucas, mume wa Plácida, na Vicenta, mama yake mzazi.

Si wote kijijini walioipenda safari hiyo. Chepe, aliyekuwa mgambo wa jeshi enzi zile, alimkuta bombani akamwambia yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.

"Ndwele ninayo mimi, Chepe," Plácida alimjibu. "Wewe umejuaje kama imepita?"

Akajitwika ndoo yake akaondoka. Kesho yake alipanda basi la alfajiri na binti yake, Nicolasa.

Mahakamani alizungumza Kiachi, lugha ya kwao, na mwalimu mmoja aitwaye Toribia akawa anatafsiri. Alieleza jinsi watu walivyokusanywa kanisani. Yeye alibakizwa jikoni kwake awapikie askari, na hapo penye meko yake ndipo kapteni aliposimama akatoa amri.

Wakili wa utetezi aliinuka taratibu. Aliuliza kapteni alitoa amri hiyo kwa lugha gani. Kihispania, Plácida akajibu.

"Na wewe, bibi, Kihispania unakijua?"

Wakili hakungoja jibu. Akawageukia majaji, akasema basi shahidi alisikia kelele tu. Hawezi kujua kama kapteni alikuwa anaamuru watu wauawe au anaomba chumvi. Kwenye benchi la jamaa za kapteni wakacheka. Kapteni mwenyewe akavua kile kifaa cha sikioni akakiweka mezani, kama mtu aliyemaliza shughuli.

Ukweli ni kwamba Plácida alikijua Kihispania tangu utoto. Alijifunza kwa bibi mmoja tajiri hapa hapa jijini, alikoosha vyombo miaka sita. Aliporudi kijijini kuolewa, jeshi likawa linawatafuta wenye lugha hiyo: katibu wa ushirika, mwalimu wa dini, yeyote aliyeweza kuwaandikia wenzake barua. Lucas akamsihi aifukie. Akaifukia. Lakini siku ile, pale mekoni, kila neno la kapteni lilimwingia, naye akaendelea kugeuza chapati za mahindi kwenye kikaango cha udongo. Hilo ndilo lililomfunga mdomo miaka yote, hata Nicolasa akawa ndiye anayemsemea zahanatini na dukani. Kukiri kwamba anakijua Kihispania kulikuwa sawa na kukiri, mbele ya mtoto wa Lucas, kwamba alisikia na hakupiga kelele.

Akavuta shali yake mabegani.

"Mwambieni avae hicho kidude chake," alisema kwa Kihispania. "Nataka anisikie."

Toribia akafunga daftari lake. Jaji mkuu, mwanamke, akamwamuru kapteni akivae.

"Ulisimama karibu yangu kama meza hii," Plácida alimwambia. "Ulisema, watu wote wafungieni kanisani, kisha lichomeni. Sajini akauliza, na huyu? Ukanitazama. Ukasema, huyo mwache atupikie, hajui Kihispania, atamweleza nani?" Akawageukia majaji. "Basi leo nawaeleza hawa."

Wakili akapinga, akidai shahidi amekuwa akiidanganya mahakama.

"Sijamdanganya mtu. Uliniuliza, hukungoja jibu. Wote mlinitazama tu, mkajijibu."

Nje, kwenye korido, Nicolasa alimwuliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo mama, ulielewa?"

"Nilielewa. Wewe ulikuwa tumboni, miezi mitano. Sijitetei, mwanangu. Nakwambia ilivyokuwa."

 Kengele ya kurudi ndani ilipolia, Nicolasa akamshika mama yake mkono, wakaingia pamoja.

Kapteni alifungwa miaka hamsini. Miezi miwili baadaye mahakama ya juu ikaitengua hukumu kwa kasoro ya utaratibu, kesi ikaamriwa ianze upya. Wengi walidhani mwanamke yule wa Xolabaj atachoka. Mwaka uliofuata akapanda tena basi la alfajiri.

Safari hii alitoa ushahidi wote kwa Kiachi. Wakili akalalamika kwamba shahidi anapoteza muda wa mahakama ilhali Kihispania anakijua.

"Mwaka jana nilisema lugha yake ili asikie," Plácida alisema, na Toribia akatafsiri. "Sasa na asubiri atafsiriwe. Sisi tumesubiri zaidi."

Hukumu ikawa ile ile, miaka hamsini. Karani akaanza kusoma majina ya waliouawa, harakaharaka, akiyakatakata yale ya Kiachi. Alipofika kwa Vicenta Xitumul, ulimi ukamteleza, akaliruka nusu. Plácida akasimama katikati ya ukumbi, na askari wa mlangoni alipomwashiria akae, hakukaa.

"Huyo ni mama yangu," alisema. "Soma tena, usome vizuri."

Karani akamtazama jaji. Jaji akatikisa kichwa kukubali. Karani akalisoma jina hilo upya, silabi kwa silabi, na kapteni akiwa amesimama anasikiliza.