Kombi Yangu Yenye Bomba

Mtu asinihubirie habari za ndugu wa tumbo moja. Ninaye mmoja, Shigela, kaka yangu mkubwa, na sitaki hata kumsikia akikohoa.

Ile Kombi ilikuwa yangu. Mzungu wa mradi wa visima aliiuza hapa Bariadi mkataba wake ulipoisha. Ndani ina kitanda, jiko na sinki dogo, ila maji yalitoka mekundu kwa kutu, yananuka kama dimbwi. Watu walinicheka: "Elina, umetoa ndama wako ukanunua nyumba inayotembea?" Wacheke tu! Mimi niliona mgahawa wa kuzunguka nao minadani, wauza ng'ombe wakila wali na nyama na kunawa kwa maji ya bomba.

Mimi sina uwanja, kwa hiyo gari nililiweka kwa Shigela, anakoishi pia mama yetu. Kadi ya gari ikaandikwa jina lake, kwa sababu yeye ndiye aliyekwenda Shinyanga kuishughulikia. Sikushtuka. Kwetu unampa mtu ng'ombe akutunzie, anakunywa maziwa, anapata samadi, na ng'ombe anabaki wako hata azeekee kwake. Kijiji kizima kinajua. Nikadhani gari nalo ni hivyo hivyo. Mjinga mimi!

Nikaanza na maji. Tangi la chuma chini ya kitanda nililing'oa, nikafunga pipa la plastiki juu ya paa, maji yashuke yenyewe bila pampu. Maji yetu ya kuchimba mtoni yana tope, basi bomba la kwenda kwenye sinki nililiweka juu kidogo ya kitako cha pipa, na chini kabisa nikaweka koki ya kutolea tope. Washa, kile kipira cha kuzuia maji yasivuje, nilikikata kwenye tyubu ya baiskeli. Siku maji yalipotoka meupe nilipiga vigelegele peke yangu. Mama akaja, akanawa uso, akacheka.

Msimu huo ndio wanunuzi binafsi wa pamba walianza kumiminika. Zamani tuliuzia ushirika tu. Asubuhi moja Shigela akaja na mmoja wao, mwanamume wa Mwanza mwenye miwani ya jua.

"Huyu ndiye fundi wangu," Shigela akasema. "Elina, mwonyeshe maji."

Fundi wangu! Nilidhani utani. Nikadhani tena amenitafutia wateja, kambi nzima ya wanunuzi, na moyo ukanienda mbio kwa furaha. Nikaonyesha kila kitu. Nikapanda mpaka juu ya paa. Nikamnawisha mikono mgeni kwa sabuni, akasifu, nami nikajichekesha pale kama bibi harusi.

Akajifuta mikono. "Safi. Shigela, lete funguo."

Shigela akazitoa mfukoni.

"Funguo za nini?" nikauliza. "Shigela, gari la nani hili?"

"Soma kadi," akanijibu, bila hata kunitazama.

Mgeni akasema yeye amenunua kwa mwenye kadi, mambo ya kifamilia tumalize wenyewe. Jamani, niliumia! Nilimtukana Shigela kwa Kisukuma mpaka majirani wakasimama barabarani. Ndama wangu, mikono yangu iliyochubuka, vyote amevifanya vyake, tena akaniacha nimsaidie kuuza!

"Acha kelele," akasema. "Sijakusahau. Nimekuombea kazi. Utawapikia wanunuzi humo humo, kila mwezi unalipwa."

Humo humo. Ndani ya Kombi yangu.

Nikageuka kumtafuta mama, angalau yeye amkemee mwanawe. Alikuwa anatoka ndani na furushi. Nikalitambua: khanga zangu nilizoacha kwake, zimefuliwa, zimekunjwa, mwiko wangu umechomekwa juu.

"Mayu," nikamwambia mama, "na wewe ulijua?"

Akaniwekea furushi mikononi.

"Panda, mwanangu," akasema, "wasije wakachukua mpishi mwingine."