Kidole Kimoja Kwenye Ufito

Chumba cha panya pale maabara kimegeuziwa mchana kuwa usiku. Saa sita, jua kali nje, humo ndani ni giza na taa moja nyekundu, maana panya ni watu wa usiku. Mimi mlishaji wao hukaa humo mpaka sijui kama nimeamka au bado nimelala.

Panya wale wamepandikizwa kasoro ileile ya vinasaba iliyomo kwenye damu ya mama yangu. Damu aliitoa mwenyewe, akicheka: "Haya, nimezaa panya uzeeni! Wasalimie wadogo zako." Mwili ulikuwa umeshaanza kumtetemeka. Dawa mpya ikiwafaa panya, yeye angekuwa mgonjwa wa kwanza kuijaribu.

Kipimo ni ufito mwembamba. Panya aliyepewa dawa anauvuka, au anaanguka, nami naandika.

Siku moja panya mmoja wa kijivu alifika katikati akaanza kutetemeka. Katika wekundu ule, Mungu wangu, nikamwona mama juu ya ufito, miguu mitupu, gauni la kulalia, ananitazama. Mkono ukaenda wenyewe. Nikamtegemeza kwa kidole, akavuka, nikaandika kavuka. Kesho yake nikamshika mwingine. Wiki ikaisha hivyo, kama usingizini.

Daktari mwenye utafiti alisoma matokeo akanipigia makofi. Nami, mjinga mimi, nikakimbilia kumwambia mama. Akatoa uvunguni cherehani aliyoiacha tangu augue, akaipaka mafuta, akawaambia majirani walete vitambaa. Hapo roho ikanisuta. Dawa kali ingemwingia mwilini kwa uongo wangu.

Nikamweleza daktari yote. Hakunifokea, afadhali angenifokea. "Tunarudia," akasema, "na mikono yako mfukoni." Kati ya panya kumi, tisa walianguka.

Nilimkuta mama anatunga uzi kwenye sindano, uzi unakwenda huku, tundu linakwenda kule.

"Dawa haifanyi kazi, mama. Waliovuka niliwashika mimi."

"Kwa nini?"

"Niliwaonea huruma. Nilikuonea huruma wewe."

Akaiweka sindano mezani. Nilingoja anitukane, na nilistahili. Badala yake akaninyooshea mkono.

"Nipeleke msalani," akasema. "Nishike, mwanangu. Ila usije ukaniambia natembea mwenyewe."